Kidonge Chini ya Kawa

Kazi yangu ni kupamba maharusi, na mtu wa kazi hii hutazama uso kwanza, salamu baadaye. Naujua uso uliokesha, naujua uso uliochubuliwa na krimu za dukani, naujua na ule wa bibi harusi anayesema amefurahi huku moyo wake uko kwingine. Ukija kwangu na kipele kimoja nitakiona ungali barabarani. Sasa fikiria mie, hapa Wawi, mtu wa kusifiwa kwa mikono yangu, halafu mamangu mzazi anakaa barazani uso umemjaa chunusi, bibi wa watu mwenye vitukuu. Wapita njia wanamtazama yeye, kisha wananitazama mie. Loo! Niliona kama nimetukanwa.

Chunusi zile zililetwa na dawa. Lakini nianze na kikohozi, maana ndicho kilichotangulia.

Mama alikohoa msimu mzima wa karafuu. Tukasema ni vumbi la karafuu, tukasema ni moshi wa kuni, tukasema ni baridi. Akapewa dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu, akazimeza mpaka mwisho kwa utiifu wake ule, na kikohozi kikabaki palepale. Ikafika akipanda ngazi za baraza lazima asimame ashike ukuta, avute pumzi, ndipo aendelee. Mwisho daktari mmoja pale Chake Chake, alipoitazama picha ya kifua, akatuambia tuvuke tu, twende Dar es Salaam. Kule wakamtoa maji yaliyojaa kandoni mwa pafu, wakamkata kinyama cha kupima, wakatwambia ni saratani ya mapafu.

Mie nikacheka. Ndiyo, nilicheka, mbele ya daktari. Nikamwambia, bibi wee, umekosea mtu. Mamangu hajatia sigara mdomoni tangu azaliwe. Anayevuta ni kaka yake, mjomba wangu, anayekaa nyumba ya pili kutoka yetu, yule ukimpa mkono unarudi nyumbani mkono unanuka tumbaku. Mpimeni huyo.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, hakukasirika. Alisema wapo wengi wasiovuta ambao ugonjwa huu huwapata, tena kwa watu kama mama mara nyingine huwa kuna kitu maalumu cha kutafuta ndani ya uvimbe. Kile kinyama wangekipeleka kupimwa zaidi. Sisi turudi Pemba, tusubiri simu.

Tukasubiri. Nilikuwa nampaka bibi harusi piko miguuni simu ilipoita, nikatoka nje mikono myeusi, simu nimeibana kwa bega.

"Kipo," daktari akasema.

"Kitu gani?"

"Tulichokuwa tunakitafuta."

Akanieleza polepole, nami nikamrudisha nyuma kila niliposhindwa kuelewa. Ndani ya kila chembe ya mwili mna maelekezo, yanaitwa jeni, yanayoiambia chembe lini ikue na lini itulie. Katika uvimbe wa mama jeni moja ilikuwa imebadilika, na ile amri ya kukua haizimiki tena. Hapo nikakumbuka mfereji wa uani kwetu, ambao koki yake imekufa na maji yanatiririka mchana kutwa. Nikamwambia, akasema ndiyo, shika hivyohivyo. Ipo dawa, kidonge kimoja kwa siku, inayokwenda kukaa palepale penye hitilafu. Haimalizi ugonjwa, tusidanganyike, lakini ikimkubali inaweza kuufunga ule mfereji kwa muda mrefu. Ila kidonge kimezwe kila siku bila kuruka, tena tumbo likiwa tupu.

Tukachagua baada ya sala ya alasiri, chakula cha mchana kimeshatulia na cha usiku bado. Dawa yenyewe kwetu huipati. Ilikuwa inakuja kwa msaada, imeandikwa jina la mgonjwa, inatosha mgonjwa mmoja tu, na mie ndiye niliyekuwa nikivuka kuifuata.

Basi, haukupita muda mama akaanza kupumua. Akafagia uwanja. Akakuna nazi mwenyewe. Akanigombeza kwa sababu nimeacha kanga kambani imenyeshewa, nikaenda chumbani nikalia kwa furaha, nikajua mamangu karudi. Na pamoja naye zikaja chunusi: puani, mashavuni, kidevuni, mpaka kifuani, na ngozi ikakauka ikawa inapukutika kandoni mwa pua. Nikampigia daktari nimefura. Akasema zile huwatokea wengi wanaotumia dawa hii, na mara nyingi ni shahidi kwamba dawa imo mwilini na inafanya kazi. Apakwe mafuta yasiyo na manukato, asikae juani, na zikizidi nimwambie.

"Shahidi?" mama akasema nilipomweleza. "Basi mmoja si angetosha? Hawa wamekuja ukoo mzima."

Lakini mie fundi wa nyuso nitakaa nitazame? Nilisaga liwa, kile kijiti chetu cha kusinga uso, laini kabisa, nikawa nampaka jioni kwa ncha ya kidole, chunusi baada ya chunusi, naye amefumba macho akinisimulia habari za watu waliokwisha kufa. Uso ule nikaujua kuliko kiganja changu. Nilijua kila chunusi ilipokaa, nilijua zilivyofanana, vichwa vidogo vya njano juu ya wekundu, na ile ngozi kavu kandoni mwa pua.

Sasa nimlete mjomba.

Yeye na mama wa tumbo moja na ziwa moja, wawili tu. Baba yao alikufa mama angali anatambaa, na mjomba akaanza kupanda mikarafuu ya watu akiwa mdogo, kuchuma, ili pale nyumbani paliwe. Mama anasimulia kwamba mkate wa mofa ukiletwa kaka yake aliumega, akampa yeye pande kubwa, akasema nimeshiba. Hadithi hii tumeisikia mpaka tumeichoka. Mofa haiwezi kuliwa kwetu bila ya hadithi yake.

Na kila jioni, tangu mie sijazaliwa, sahani hutoka kwa mama ikaenda kwa kaka yake, imefunikwa kawa. Kawa la mama lina ukingo mwekundu wa ukili, kalisuka mwenyewe. Na sahani hiyo kwetu hairudi tupu. Ikirudi tupu ni aibu, watu watadhani mmekasirikiana. Kwa hiyo lilikuwa likienda kawa juu ya wali na samaki, linarudi kawa juu ya ndizi mbili, au tungule, au kipande cha papa, au siku zikibana, limau moja limekaa katikati ya sahani peke yake. Ndivyo walivyoishi.

Basi mjomba naye akaanza kukohoa, yeye kwa damu. Safari ileile, hospitali ileile, kinyama kilekile. Naye akaambiwa saratani ya mapafu. Walimwanzishia dawa za mishipani, na kinyama chake nacho kikapelekwa kupimwa jeni.

"Na yeye atapewa kidonge," mama akasema siku tuliyorudi naye.

"Daktari kasema tusubiri majibu, mama."

"Majibu gani tena? Kidonge si hichi hapa?"

Sikulitia maanani neno lile. Majibu yakachelewa, na kwangu kazi ilikuwa imechanganya. Karafuu zikishauzwa Pemba nzima inaoa. Leo niko Vitongoji, kesho Chake Chake, safari moja nilikwenda Makangale kupamba nikalala hukohuko, maana bibi harusi alikuwa na dada zake wote wanataka kupambwa kama yeye. Mama alikuwa anameza mwenyewe. Nikirudi namuuliza, "Dawa, mama?" Ananijibu, "Ya leo tayari, mwanangu." Nikienda kulala, nalala.

Katika siku hizo uso wa mama ukaanza kusafika. Kwanza kidevu, kisha mashavu, mwisho ikabaki alama mbilitatu tu. Subhanallah! Nikajisifu, acha! Kila nyumba ya harusi niliyoingia nilisema: mnamwona mamangu alivyokuwa, njooni mmtazame sasa, hii ni liwa ya mkono wangu. Wanawake wakamiminika kumtazama. Wakamshika mashavu. Mama alikaa pale anatazamwa, anacheka kidogo, hasemi kitu. Kikohozi kilikuwa kimerudi kwa mbali, lakini mwenyewe alisema vumbi, nami niliyekuwa nimelewa sifa nikasema ndiyo, vumbi.

Ijumaa moja sikuwa na kazi. Nikasema niende nikamwamkie mjomba, maana siku nyingi nilikuwa nikimpungia mkono njiani tu. Nilimkuta barazani kwake, amekonda, kofia imekuwa kubwa kichwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetukumbuka wagonjwa?"

Lakini mie nilikuwa nimeshamwona tangu barabarani. Uso wa mjomba ulikuwa umejaa chunusi. Mzee yule, ndevu nyeupe, chunusi puani na mashavuni kama mvulana anayebaleghe.

"Mjomba, umekula nini?"

"Ujana unanirudia," akasema. "Mkaza mjomba wako hanipi hata ruhusa ya kwenda dukani, anaona wivu."

Mkewe akacheka kutoka ndani. Nami nikaanza kucheka, kisha nikakatiza. Kwa sababu chunusi zile nilizijua. Vichwa vidogo vya njano juu ya wekundu, na ngozi kavu kandoni mwa pua. Nilizipaka liwa jioni nyingi, moja baada ya moja, uso mwingine. Macho yakanikimbia mlangoni, na pale juu ya meza ndogo lilikuwapo kawa la ukingo mwekundu.

"Mjomba," nikasema, "mama anakuletea dawa?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama kuna jua. "Siku moja yangu, siku moja yake. Huniwekea chini ya kawa, pembeni mwa sahani. Kwani vije? Si kanambia daktari kakubali?"

Sijui niliaga vipi. Najua nilifika kwetu kanga iko mkononi badala ya kichwani.

Mama alikuwa jikoni anachuja tui.

"Mama, unajiua!"

"Punguza sauti, majirani wanasikia," akasema, wala hakugeuka.

"Unajiua! Kidonge ni kimoja kwa siku, kila siku, nimekwambia mara ngapi? Unameza siku moja unaacha siku moja! Kikohozi hicho si vumbi, mama, ni ugonjwa unaamka!"

"Sijiui. Nagawa." Akakamua chicha mpaka tone la mwisho, akaliweka kando, ndipo akanigeukia. "Weye mwenyewe ulinambia ni jeni. Jeni si ndo hizo mtu anazotoka nazo tumboni? Sie tumbo letu moja. Kama kwangu zimebadilika na kwake zimebadilika, na dawa inayonifaa mie inamfaa yeye. Nimeze peke yangu, na kaka yangu anatema damu nyumba ya pili? Hata tonge halipiti, seuze dawa."

Hasira ilikuwa imejaa mpaka puani, na chini ya hasira ilikuwa hofu tupu. Niliona namzika. Niliona nakaa kwenye nyumba ile peke yangu na lile kawa.

"Na uso wako?" nikauliza mwisho, nalia sasa. "Umeniacha najisifu kwa watu Pemba nzima na liwa yangu?"

Mama akajizuia, akashindwa, akacheka. "Ulivyokuwa umefurahi mwanangu, ningekuharibiaje?"

Kesho yake tulikaa watatu kwenye baraza la mjomba, simu katikati juu ya mkeka, sauti imefunguliwa. Nikamweleza daktari yote. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akipandisha sauti, si sana, lakini ilipanda. Kisha akasema majibu ya mjomba yalikuwa yameshamfikia na alikuwa anataka kutupigia. Wametafuta katika kinyama chake kile walichokikuta kwa mama. Hakimo.

"Haiwezekani, binti," mama akasema. "Tumenyonya ziwa moja."

"Bi, mabadiliko haya hukuzaliwa nayo," daktari akasema. "Hukuyapata kwa mama wala kwa baba. Yametokea ndani ya pafu lako wewe, ukubwani, kwenye chembe moja, nayo ikazaa nyingine kama yenyewe mpaka ukawa uvimbe. Nikikupima mahali pengine popote mwilini mwako siyakuti. Uvimbe wa kaka yako umeharibika kwa njia yake, na nadhani ni sigara. Kidonge chako kwake hakina pa kukaa, kinaishia kumsumbua ngozi tu, ambayo ni ngeni kwa dawa kuliko yako."

"Koki ile, mama," nikasema. "Kwako imeharibika koki. Kwake bomba limepasuka kwingine. Utafunga koki mpya, maji yatazidi kumwagika."

"Na wewe, Bi," daktari akaendelea, "ukimeza leo ukaacha kesho, uvimbe unapata nafasi. Tafadhali. Sina dawa nyingine nzuri kwako kama hii."

Kuku walikuwa wakiparua mchanga chini ya baraza.

"Kwa hiyo muda wote huu," mama akasema taratibu, "nilikuwa nampelekea chunusi?"

"Na kuharisha," mjomba akasema. "Usisahau kuharisha."

Akacheka mpaka akapaliwa, tukamshika mgongo. Alipotulia hakucheka tena. Alimtazama mama, na mama, bibi wa vitukuu, akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Ulinambia daktari kakubali."

Mama akachokonoa ukili wa mkeka.

"Mdogo wangu, ningejua nakula chako ningekitema mbele yako." Akafuta mdomo kwa kitambaa. "Haya. Kesho ukishasali alasiri njoo nacho hapa. Utameza, nikuone."

"Mie si mtoto."

"Utameza, nikuone."

Ikawa hivyo kila siku. Mama anasali, anajifunga kanga, anachukua kidonge na kikombe chake cha maji, anavuka uwanja. Mjomba anamngoja barazani. Anameza, kisha mjomba anamwambia, "Fungua. Nyanyua ulimi. Haya, funga." Mama alinung'unika njia nzima ya kurudi, ati umri wake wote anakaguliwa mdomo kama mbuzi wa sikukuu. Lakini hakukosa hata siku moja. Na jioni sahani ilipokwenda, mjomba alinyanyua kawa, akachokoachokoa wali kwa kidole mbele ya aliyeleta. "Natafuta magendo," anasema. Tulicheka, kwa sababu Pemba nani asiyejua karafuu za magendo, lakini alikuwa anatafuta kwelikweli.

Nikamvusha mama kwenda kupimwa. Uvimbe ulikuwa umeanza kutanuka tena. Daktari akasema tuendelee na kidonge, kila siku, tuone kama utakubali kutulia. Sikumpaka mama liwa siku zile. Kila asubuhi nilikuwa namtoa mwangani, namgeuza uso huku na huku, natafuta. Yeye ananiambia niache kumshika kama embe za sokoni. Asubuhi moja nikaiona: moja, nyekundu, ubavuni mwa pua. Nikapiga kigelegele hapohapo uwanjani. Majirani wakatoka mbio kuuliza ni harusi ya nani. Nikawaambia mamangu ametoka chunusi, wakanitazama, nadhani mpaka leo hawajaelewa. Kikohozi kikaanza kurudi nyuma, polepole, na safari iliyofuata Dar daktari akasema uvimbe umesimama.

Wa mjomba haukusimama. Zile dawa za mishipani zilimpa muda, alipata msimu mmoja zaidi wa karafuu wa kukaa barazani na kuwagombeza vijana wanaozianika vibaya, kisha mwili ukakataa. Akatwambia tusimvushe tena. Akahamia kitandani, na mama akawa anavuka uwanja mpaka ndani, anakaa kwenye kigoda kando ya kichwa chake, anameza hapo. Sauti ilipomwishia mjomba, alikuwa akinyoosha kidole kimoja tu, akimgusa mama kidevuni, kumaanisha fungua. Mama anafungua, ananyanyua ulimi. Kidole kinarudi kitandani.

Alifariki asubuhi, jua halijapanda. Mazishi yakapangwa baada ya alasiri, jeneza litangulie msikitini kabla ya adhana.

Nyumba ikajaa. Wanaume nje, sisi ndani, Yasini inasomwa, ubani unafuka. Mkaza mjomba alikaa pembeni kajifunika. Mama hakulia, hakula, hakusema. Wakamletea uji akaugeuzia uso. Wakamletea maji akatikisa kichwa. Mie nilikuwa nimekifunga kidonge kwenye pindo la kanga, nakishika, nakiacha, nakishika. Nilimjua mamangu. Mtu aliyeshindwa kumeza peke yake kaka yake akiwa hai nyumba ya pili, leo atamezaje? Na akiacha leo, atakwambia na kesho. Niliogopa hata kumsogelea, kwa sababu nilijua akikataa siku ile nisingekuwa na la kumwambia, wala daktari asingekuwa nalo, na pale ndani asingekuwapo mtu wa kumgusa kidevu.

Wakamkosha, wakamkafini, kisha tukaitwa sisi wa karibu tumuage. Uso ulikuwa wazi. Umesafika, hauna hata alama, na mie na kazi yangu hii sijapata kuona uso uliotulia vile. Mama akakaa upande wa kichwa, pale palipokuwa kigoda chake. Akanyoosha mkono nyuma kwangu bila kunitazama.

"Lete."

"Nini, mama?"

"Kidonge."

Sikuamini masikio yangu. "Saa bado, mama," nikasema, nikasikia ujinga wangu mwenyewe. "Adhana haijatoka."

"Adhana ikitoka hatakuwapo."

Nikafungua pindo la kanga, nikampa. Mtu akanipa kikombe cha maji. Mama akakiweka kidonge mdomoni, akanywa, akameza. Kisha akamwinamia kaka yake, akafungua mdomo, akanyanyua ulimi, akakaa vile, machozi sasa yanamtiririka katikati ya chunusi zake zote.

"Astaghfirullahi," mwanamke mmoja akanong'ona nyuma yangu. "Bi mkubwa, ndo nini tena hichi?"

"Mwacheni," mkaza mjomba akasema. "Anamwonyesha."

Mama akafumba mdomo. Akamfunika kaka yake uso, akasema wanaume waingie.